Dawa ya Kutafutwa

Kilosa, Jumanne jioni

Leo tena! Bibi mmoja wa Tindiga, mgonjwa wa magoti, kaja dirishani na cheti cha daktari wetu, na dawa aliyoandikiwa haimo kwenye orodha ya hospitali. Orodha hiyo mimi mfamasia niliibandika mwenyewe ukutani, mbele ya macho ya daktari.

Nikamfuata. "Daktari, dawa za maumivu zimejaa stoo. Kwa nini umtume bibi wa watu hadi Mikumi akanunue?"

Hata hakuinua kichwa. "Nikimwandikia ya dirishani kwako, anaona sijamtibu. Dawa ya kutafutwa ndiyo inayoponya, kaka."

Nikamhubiria weee. Kazi ni ile ile, nikamwambia, tofauti ni jina na boksi. Akanisikiliza kwa adabu zote.

Saa tisa mgongo wangu ukakaza, nikarudi kwake, safari hii mgonjwa. Akaitazama orodha ukutani, akaniandikia dawa ya humo humo, kwa mwandiko wa kusomeka kabisa.

Nikakigeuza kile cheti. Mdomo ukanitangulia: "Daktari, hakuna kali zaidi?"

Hakucheka. Alichukua tu kalamu.

Kesho nakwenda Mikumi.