Miraba Sita Mgongoni

Alhamisi

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima, na nikiwa na akili zangu timamu, nakutangazia rasmi kwamba mgongo wangu umepata kazi. Si ya kubeba mizigo. Ni kazi ya kukaa kimya na kuandikwa namba. Nitaeleza, ila kwanza niambie goti lako linaendeleaje, na kama shemeji bado anabishana na daktari kuhusu chumvi. Sisi huku wazima. Meza yangu ya kushonea viatu ipo pale pale nje ya saluni ya wifi yako, na watu bado wanakanyagia upande mmoja, kwa hiyo tunakula.

Najua unachosubiri ni vipodozi vya harusi ya mwanao. Ndivyo hivi, wifi yako kavipanga mwenyewe kwenye boksi. Lakini tafadhali usiguse kichupa hata kimoja kabla hujafika mwisho wa barua.

Mambo yalianzia ndani ya kiatu. Unanijua, shule yangu ni magazeti ambayo wateja huyasokomeza viatuni ili visipoteze umbo. Ninayanyoosha, ninayasoma, na ndiyo maana elimu yangu yote ina mikunjo na hukatikia katikati. Siku hiyo nilikuwa namsomea wifi yako huku anamsuka mteja. Kipande kilisema zipo shampuu ambazo kabla hazijafika dukani hutiwa kwanza machoni mwa sungura. Kwamba mnyama hubanwa shingo ndani ya sanduku asiweze kujifuta, kisha watu hukaa kuangalia jicho litafanya nini. Nilisoma kwa mbwembwe, nikingoja wacheke. Mteja alicheka. Wifi yako alisimamisha kitana hewani, akauliza ni shampuu zipi. Nikamwambia hapo ndipo kidole gumba cha mwenye kiatu kilipotoboa.

Jioni, wateja walipokwisha, alichukua ile shampuu aliyowaoshea watu kwa miaka kumi na mmoja, akaketi kwenye kiti cha wateja, akainua uso, akadondosha tone moja kwenye jicho lake la kushoto. Dada, nilidhani amekosea. Nikakimbilia beseni la maji. Akalisukuma kando kwa kiwiko, akasema taratibu, kama anayemrekebisha mtoto hesabu:

“Sungura haletewi beseni.”

Akakaa. Mikono aliikalia ili isimsaidie. Jicho likaiva, machozi yakamtiririka hadi kidevuni, mguu mmoja ukawa unapiga sakafu wenyewe. Mimi nimesimama na beseni langu kama mhudumu aliyekosea meza. Dakika ngapi sijui. Saa ilikuwepo ukutani, lakini sikuthubutu kumwondolea macho. Alipokuja kunawa, alisema tu kwamba yeye alikuwa na ruhusa ya kuinuka. Miaka kumi na tisa nimelala kando ya mtu huyu, nikidhani namjua kwa sababu najua anavyokoroma.

Kesho yake rafu mbili zilikuwa tupu. Aliviandikia viwanda kumi na viwili, anwani akizitoa nyuma ya chupa, kuuliza kama wanajaribia wanyama na ni kitu gani hasa wametia humo ndani. Vitatu vilijibu, kimoja kilituma kalenda. Alibakiza vya wale waliojibu sawasawa. Vingine akaanza kuvichanganya mwenyewe jikoni kwetu, mafuta, nta na udongo laini, nami nikajifunza kuuliza kabla ya kulamba kijiko. Wateja walinuna. Mmoja alisema kuosha nywele bila povu ni kama kusalimia ukuta. Akaondoka. Baada ya wiki tatu akarudi, eti alikuwa anapita tu, akaketi na kuanza kufumua nywele.

Sasa mgongo. Asiyejaribia wanyama lazima apate pa kujaribia, na mikono ya wifi yako imeshakuwa sugu kwa zile dawa za nywele za zamani, haimwambii kitu. Akatazama nyumba nzima, akaniona mimi. Kwa ajili ya mwanao alinichora miraba sita kwa kalamu, kila mmoja akaupaka kipodozi chake, akanikataza kuoga na kujikuna kwa siku mbili. Asubuhi na jioni aliinua shati langu, akasogeza taa, akachunguza, pumzi yake ikinigusa. Sijawahi kutazamwa vile, hata siku ya harusi yetu.

Kipenzi chake kilikuwa namba nne, ile ya kupaka usoni kabla ya poda. Dukani hakupata inayolingana na rangi ya mwanao. Basi aliiegemeza picha yake dirishani, akachanganya kwa wiki tano, kijiko baada ya kijiko, mpaka siku moja akapaka tone shavuni mwa ile picha, akaniita. Nilitafuta lile tone nikalikosa. Mtu kakoroga udongo na mafuta, kapata uso wa mwanao.

Hapa nakuomba uketi, dada. Siku ile ile ya kwanza, Jumatatu, namba nne iliniwasha kama nimelalia siafu. Nilijisugua kwenye fremu ya mlango wa bafu, kisha nikapaosha, nikapapaka mafuta ya kula ili pang'ae. Alipokuja na taa akauliza namba nne vipi, nikamwambia imetulia kama maji mtungini. Akaandika kwenye daftari: salama. Nilikuwa nimeuona uso wake wakati anauliza, ulivyojaa matumaini. Yule aliyevumilia jicho hakuwa akiogopa ukweli. Mwoga nilikuwa mimi.

Sasa harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, na mwanao ana uso mmoja tu. Ukivimba mbele ya watu, lawama itamwangukia wifi yako, na kazi yake yote itaonekana upuuzi kwa ajili ya mume aliyejikuna. Kwa hiyo kichupa cha namba nne usimpe. Kimwage, useme kilivunjika njiani. Ukweli nitamwambia mwenyewe, nikishapata moyo, na usiniulize lini.

Msalimie shemeji. Mwambie bibi harusi wetu viatu vyake nimeshavigonga soli, atacheza navyo mpaka wageni wachoke.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi viatu

Nimefungua boksi niweke barua hii. Vichupa ni vitano. Mahali pa namba nne pana karatasi yenye mwandiko wa wifi yako, na tarehe ni ya Jumanne: “Namba nne inawasha. Nimeimwaga. Apake poda tu.”