Mkono Juu ya Mota

Jumatano, Juni 2006

Bado sijui kiganja cha fundi kinapimaje joto, lakini leo nimekiona kikifanya kazi.

Bi. Atieno, aliyenifundisha hesabu darasa la nne, magoti yamemkatalia. Alinunua kigari cha gofu cha betri ili ashuke kwenye sukuma wiki zake, chini kabisa ya uwanja wake kule Lavington. Kikawa kinakwaruza tumbo kwenye mawe. Leo Harjit, fundi wa Parklands, alikuja kukiinua.

Aliongeza vyuma kati ya springi na ekseli, kikapanda karibu shubiri moja. Bi. Atieno akataka na matairi makubwa.

"Mwalimu, hiyo tairi itaua mota."

"Weka tu. Nikikwama utanibeba mgongoni."

Akaweka. Kushuka kulikuwa rahisi. Wakati wa kupanda, tukasikia harufu ya waya unaoungua. Harjit alikisimamisha, akagusa mota huku akihesabu, akatoa mkono kabla ya kufika tatu.

Nilimuuliza sababu ya joto hilo. Alisema tairi kubwa huilemea mota kila linapozunguka. Kimo kinachohitajika kimeshatoka kwenye vyuma, tairi haliongezi ila mzigo.

Mota ilipopoa, akarudisha matairi ya zamani. Bi. Atieno akapanda hadi juu na kikapu chake cha mboga. Akashuka kigarini polepole, akaweka kiganja chake mwenyewe juu ya mota, akahesabu kwa sauti ileile ya darasani.

Alipofika kumi hakuondoa mkono.

"Harjit," akasema, "hayo makubwa rudi nayo Parklands."