Mama Yako Amebaki Ng'ambo ya Mpaka

Mwaka wa 18 wa Mfalme Shunzhi, mwezi wa kumi, siku ya tano

Mwanangu Cuiyin,

Hujambo? Na mkwe wangu Tinghui? Kikohozi cha mtoto kimepona? Mimi mwili ni mzima.

Kijiji chetu hakipo tena. Serikali inasema tunawalisha waasi wa baharini, kwa hiyo pwani yote ihamwe, tukae bara nyuma ya mpaka. Tulipewa siku tatu, kisha askari wakachoma nyumba. Wenzangu walifukua mifupa ya wazee wao, wakaitia mitungini na kuibeba begani. Jirani yetu Ke aliuambia mtungi wa baba yake, "Ulikuwa ukinichapa nitembee haraka. Leo tulia!" Tulicheka huku tunalia.

Mama yako sikuweza kumbeba. Ana miezi mitatu tu ardhini, na mifupa haifukuliwi kabla ya miaka mitano, sita. Nimemwacha. Siku ya kusafisha makaburi nitarudi kwake.

Baba yako

Mwaka wa kwanza wa Mfalme Kangxi, mwezi wa pili, siku ya tatu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mtoto amepona.

Nakuomba usiende. Tinghui ni karani wa wilaya, ndiye aliyenakili tangazo: anayevuka mpaka anakatwa kichwa, hata akiwa mzee. Nenda njia panda, chora duara, elekea baharini, umchomee mama karatasi zake za pesa ya wafu hapo. Zitamfikia. Kisha njoo ukae nasi. Tinghui anasema, "Mwambie baba wali upo, na wa kugombana naye yupo."

Binti yako, Cuiyin

Mwezi wa pili, siku ya kumi na sita

Mwanangu Cuiyin,

Natumaini nyote hamjambo.

Juzi nilifanya ulivyosema. Tulikuwa kama watu mia pale njia panda. Askari wakaja, wakaukanyaga moto, eti tunawapa waasi ishara kwa moshi. Ke akauliza, "Ishara gani, bwana? Kwamba tuna njaa?" Walimpiga mpaka akanyamaza. Tumemzika jana.

Sasa hata kuelekea baharini ni kosa. Kesho ndiyo siku yenyewe ya makaburi. Mama yako hakupenda kuachwa peke yake hata jikoni; akikaanga chaza alinitaka nikae kizingitini. Nitavuka alfajiri.

Usimlaumu Tinghui, aliandika alichoamriwa. Msije kunitafuta. Mwakani, ukichoma karatasi, elekea upande wowote watakaokuruhusu, mwanangu, na unikumbuke.

Baba yako