Jiwe ya kusagia ya Koko

Koko wangu mupenzi, mama ya Baba, kule kijijini Shari,

Pokea salamu kutoka juu ya mulima, penye baridi yenye kuuma masikio. Mudogo wangu Neema akusomee pole pole, asiruke hata neno moja.

Leo tumepanda njia ya pori mpaka kwenye malupango, viwanja vya nyumba zenu za zamani, kule mulitoka mukihama, ukingali bibi-arusi. Tope imenivua kiatu mara mbili. Nyumba haziko tena, Koko. Kumebakia mawe ya kusagia tu, katikati ya miti. Mama Eliza, mulimaji wa huku mwenye kutuongoza, akanionyesha jiwe moja kubwa: "Lupango yenu ndiyo hii."

Nikaitazama. Imelika upande wa kuume. "Hapana, mama, hii haiko yetu."

Akacheka. "Weye muzaliwa wa mujini Bunia, utajua nini?"

Nikapita jiwe kwa jiwe, nikipangusa majani. Jiwe ya ine ilikuwa imelika upande wa kushoto, upande wa mukono yako. Nilipiga kelele mpaka nyani wakakimbia!

Mama Eliza akatoa mahindi makavu kwenye mufuko. Nikapiga magoti, nikasaga na mukono yangu ya kushoto, ile Baba alikuwa anaifunga na kitambaa nikiwa mutoto ili nisiitumie, na weye peke yako ukimuambia: "Muachilie, hiyo ni mukono yangu."

Unga nimekufungia. Ukae na nguvu, Koko, na siku utasikia sauti yangu ku mulango, weka maji ya bugali kwenye moto.

Ni mimi, mukono yako,
Dorika