Sketi Iliyofumuliwa Ubavuni

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wifi yako. Habari za magoti? Mgongo wangu umejikunja kwa kuinamia cherehani, lakini tumbo nalo limejitokeza mbele kuusawazisha, kwa hiyo bado nasimama. Vinginevyo sote wazima, na tunaomba nawe uwe mzima hivyo hivyo.

Najua mpaka unafungua bahasha hii utakuwa umeshasikia jambo kutoka kwa aliyekuletea, na nikikujua vizuri, utakuwa umeshafoka. Foka tu, dada, nyumba ni yako. Ila ukimaliza, keti usome mpaka mwisho, kwa sababu kabla yako mimi ndiye niliyeanza kumfikiria vibaya, tena vibaya kuliko utakavyoweza wewe.

Unakumbuka ulivyomleta binti yako aishi nasi ili awe karibu na shule. Ulinisomea masharti mlangoni hata kabla sijakukaribisha: asilale bila soksi, asinywe vya baridi, asikimbiekimbie na wenzake, kifua chake kisije kikarudi kule kule. Niliitikia yote. Tangu utotoni sijawahi kushinda hoja mbele yako, ningeanza siku hiyo?

Na masharti yenyewe yalikuwa rahisi, maana mtoto alikuwa wa kujificha. Mteja akiingia, yeye nyuma ya pazia. Akitaka chumvi mezani, anaitazama tu mpaka mtu amhurumie. Siku moja alivunja kikombe, akakibandika kwa gundi na kukirudisha kabatini bila neno. Nilijua chai iliponimwagikia mapajani, na hata hapo alisema kikombe kilikuwa hivyo hivyo tangu alipokuja.

Basi muhula huu akabadilika, nami nikaanza kukosa usingizi. Kwanza, aliacha kuamshwa. Mimi nikiamka, godoro lake limeshanyooshwa na yeye keshaondoka, eti kuna masomo ya asubuhi. Masomo gani yanayomfanya mtoto aondoke akitabasamu? Pili, alianza kunitazama usoni. Aliniambia mbele ya mteja kwamba nimefunga vifungo vya shati kombo, na kweli vilikuwa kombo, lakini nani alimfundisha kusema? Nikamwambia wifi yako kwamba huyu mtoto ana mtu. Akasema labda amekua tu. Nikamjibu kwamba hilo ndilo ninalolisema.

Halafu ikaja harufu. Akirudi jioni alinukia dawa ya kuchua, ile kali ya kupaka viungo. Nilikaa kwenye cherehani nikiwaza mpaka sindano ikanidunga kidole: kumbe mtu mwenyewe ni mzee! Wifi yako alicheka hadi akaketi sakafuni. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni sketi. Ilianikwa kwenye kamba nyuma ya nyumba, nikaipitia kama ninavyopitia nguo yoyote, ni ugonjwa wa kazi. Nikaona mshono wa ubavuni umefumuliwa na kushonwa upya kwa mkono, nyuzi zinapishana kama miguu ya mlevi. Dada, nimeshona magauni mengi ya harusi. Nimeyafumua mengi ubavuni siku chache kabla ya harusi, mama wa bibi harusi akiniomba nisiseme. Fundi kama mimi akiona ubavu umefumuliwa, akili inakwenda tumboni moja kwa moja. Niliirudisha sketi kwenye kamba.

Kama hiyo haitoshi, yule jirani tunayemwita Redio akaja kwa kisingizio cha zipu. Akasema kwa sauti ya chini, ile ya chini inayosikika mpaka barabarani, kwamba amemwona mpwa wangu akitoka kwa daktari na mwanamke asiyemjua. Akauliza kama tuko salama. Nikasema tuko salama sana. Zipu yake niliishona nje ndani.

Sikukuandikia wakati ule. Nilitaka ushahidi kwanza, maana nilijua siku utakaposikia utamchukua na shule itakuwa imekwisha. Kwa hiyo nikaanza kumfuata. Usinicheke. Nilivaa koti la mvua na hapakuwa na mvua, nikajibanza kwenye kuta kama mwizi wa kuku, huku ndala zikipiga kelele kila hatua. Siku ya kwanza alinipotea penye kona ya muuza mkate. Siku ya pili pia. Siku ya tatu, kwa bahati, alikwenda polepole, nikamfuata mpaka uwanja wa shule, nikajificha nyuma ya tangi la maji.

Hakukuwa na mzee. Kulikuwa na wasichana na mwalimu wa michezo, mwanamke mfupi mwenye filimbi, kumbe ndiye yuleyule wa kwa daktari. Walikuwa wakifanya mazoezi ya mbio za kupokezana vijiti. Binti yako akaondoka mapema kabla hajakishika kijiti sawasawa, kikamponyoka na kuanguka. Wote wakamgeukia. Nikangoja ajifiche nyuma ya wenzake. Badala yake akanyoosha mkono, akasema kwa sauti niliyoisikia nyuma ya tangi: “Nimeangusha mimi. Niliondoka mapema.” Baadaye nimeambiwa ndivyo walivyo pale. Aliyeangusha ndiye anayesema, na hakuna ruhusa ya mwenzake kumsemea.

Kisha, dada, hakuushusha mkono. Alisema kuna jingine ameangusha. Alipoulizwa mwanzoni kama mama yake anajua kwamba anakimbia, alijibu ndiyo, na haikuwa kweli. Mwalimu hakufoka. Alimwambia atoke kwenye mstari mpaka neno la mama lije, akaweka msichana mwingine mahali pake. Mtoto akatoka bila kulia wala kununa, akabaki pembeni akiwahesabia wenzake mwendo.

Mimi kule nyuma nilikuwa nimeshalowa machozi na maji ya tangi, linavuja. Mwalimu akapuliza filimbi, akauliza yule mzee mwenye koti anamtafuta nani. Binti yako akajibu bila kugeuka: “Ni mjomba wangu, mwalimu. Ananifuata tangu juzi. Leo nimepunguza mwendo, nilimwonea huruma.” Uwanja mzima ukaangua kicheko, nami nikatoka nikipunga mkono kama mgeni rasmi.

Jioni tulikaa kwenye meza ya kukatia, akanieleza. Kwa daktari mwalimu aliwapeleka wote, mmoja mmoja, maana hamkimbizi mtu asiyepimwa. Yeye alisikilizwa kifua mbele na nyuma, akapandishwa ngazi, akasikilizwa tena, akaambiwa hana tatizo. Sketi aliifumua ili apate nafasi ya kupiga hatua, kwani mapaja yamejaa. Nikamwambia nilichokuwa nimekifikiria. Akasema, “Lakini mjomba, wewe ni fundi. Si ungepima kwanza?” Nikachukua futi, nikampima. Kiuno kimepungua, dada. Nimezeeka na futi shingoni, nikamhukumu mtoto kwa macho.

Sitakuficha kwamba nilitaka kukuandikia kila kitu mimi, ili nikusihi, na yeye abaki huku mpaka hasira zako zipoe. Alikataa katakata. Akasema uongo ni wake, atausema mwenyewe, na barua yangu hataitoa mfukoni mpaka awe amemaliza kusema. Nikajitolea kumsindikiza, akakataa hilo nalo. Kwa hiyo hapo ulipo umeshasikia yote kutoka kinywani mwake. Mimi nimeongeza tu ya nyuma ya tangi.

Mashindano ni mwisho wa wiki ijayo. Bila neno lako hatakimbia, na ukisema hapana hatatununia, si mimi wala wewe, nimemuuliza. Uamuzi ni wako, nami nimeshakuambia sijawahi kukushinda kwa hoja. Ila nakumbuka alipokuwa mdogo, ulivyokuwa ukilaza sikio kifuani mwake, ukisikiliza kile kifua kikikoroma, ukituzuia hata kukohoa. Kabla hujajibu, mwite aje karibu, uweke sikio palepale. Mwambie akimbie mpaka mwisho wa barabara na kurudi, kisha uweke tena. Usiamini daktari, usiniamini mimi. Sikiliza mwenyewe.

Wifi yako anakusalimu, anasema usimpikie mtoto kidogo, siku hizi anakula. Wasalimie majirani wote, na kama nao wana Redio wao, msalimie pia. Sketi aliyokuja nayo nimeishona upya. Ukiona ubavu umenyooka, hapo unaruhusiwa kunisifu mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi