Mama wawili ndani ya riwaya ya Kimarekani

Mpendwa Mama Scholastica, shikamoo. Naomba unisaidie maana tangu Jumatatu situlii, nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje, hata madaftari ya wanafunzi nimeyasahihisha vibaya. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Nyansurura na nimo kwenye klabu ya walimu wasomaji, nikapewa kuchambua riwaya moja ya Kimarekani, kurasa mia saba, msimulizi anabadilika katikati ya sentensi, tanbihi zinabishana na hadithi, na sura ya tisa mwandishi mwenyewe anaingia kusema alikuwa anadanganya. Ndani yake wanawake wawili wanalea kijana mmoja, na wahakiki wote niliowasoma wanasema ni fumbo la familia isiyowezekana, nami nikacheka peke yangu, nikaandika kwamba hapo hakuna fumbo, hiyo ni nyumba ntobhu, mwanamke amemwoa mwanamke ili mji wake upate watoto, maana hata mimi nimezaliwa hivyo, mama mzee ndiye aliyemtolea ng'ombe mama aliyenizaa. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Kornelio, amesoma rasimu akaniambia, "Mwalimu, huo siyo uhakiki, hayo ni mambo ya kwenu huko, toa." Sasa nasoma Jumamosi mbele ya watu, na mama mzee ameshashona gauni la kuja kunisikiliza. Nikitoa nitakuwa nimemkana, nikiacha watamcheka akiwa amekaa pale pale. Zipo na sura tatu ambazo kijana anazunguka miji akimtafuta baba yake, ila hizo niliziruka, hazina uzito. Nifanyeje mama?

Mogesi

Marahaba mwanangu Mogesi, na pole. Kornelio amekosea, mwambie hivyo kwa heshima. Hao walioona familia isiyowezekana nao walisoma kwa macho ya kwao, na hakuna aliyewaambia watoe.

Lakini na wewe usijifanye umeonewa tu. Katika riwaya hiyo nani alitoa ng'ombe? Wazee gani walikaa wakakubaliana? Basi huwezi kuandika "hiyo ni nyumba ntobhu" ukafunga mjadala. Sema kwamba wewe uliyelelewa hivyo unaisoma hivi, kisha onyesha kurasa zinazokubali na zinazokukatalia.

Halafu hizo sura tatu. Mtoto anamtafuta baba yake sura tatu nzima, wewe unasema hazina uzito? Umeniandikia barua ndefu namna hii bila kumtaja baba yako hata mara moja. Binti, hukuziruka kwa sababu ni nyepesi. Zilikuuma, na uchambuzi unaokwepa panapouma ni nusu ya kazi.

Fanya hivi. Usimwache mama mzee asikie habari zake kwa mara ya kwanza ukumbini. Ijumaa ukitoka shule nenda nyumbani, wakalishe mama zako wote wawili, wasomee kwa Kikurya, sura tatu zikiwemo. Akikataa kutajwa, iache habari ya nyumba yenu, ubaki na hoja. Akikubali, soma yote Jumamosi, na atakayecheka acheke.

Ila Ijumaa hiyo, ukifika pale kijana anapouliza baba yake ni nani, usiharakishe kufunua ukurasa. Huenda mama mzee amesubiri miaka yote uulize, akidhani wewe ndiye hutaki kujua.