Mbwa Wako Hakuwa Anakulilia

Baba Nyambura,

Mbwa wako hakuwa anakulilia. Nakuambia mapema, usije ukajivuna huko uliko.

Tulipokuzika, huyo Simba wako alienda kulala juu ya koti yako, ile ya kuchumia pareto, hapo kwa mlango wa stoo. Macho yakatiririka machozi mpaka manyoya ya mashavu yakageuka rangi ya chai. Basi ndugu yako Kariuki akaita watu. Endarasha nzima ikapita hapa kuona mbwa anayemlilia mwenye boma. "Ona, hata mnyama ana huzuni, na mke mwenyewe macho makavu kama jiwe ya kusagia." Kariuki alisema hivyo nikimmiminia chai! Na chai akamaliza. Hata wajukuu wetu wakaanza kuniangalia kando.

Nikataka kuondoa koti. Kariuki akakataa. "Mwache aomboleze, Mama Nyambura." Simba akawa anajisugua macho na mguu, jicho moja likafungwa na usaha. Hapo sikungoja ruhusa ya mwanamume. Nilinyakua ile koti nikaikung'uta. Vumbi kali ya maua ya pareto ikatoka, ya misimu yote uliyonikataza kuifua, ati maji yataiharibu. Ikaniingia machoni mimi pia, machozi yakanitoka mpaka kidevuni. Na mke wa Kariuki, pale kwa ua, akapiga makofi: "Bwana asifiwe, amelia!"

Ningekuwa na jiwe mkononi...

Mimi niliyekugeuza kitandani mpaka mgongo wangu ukakataa, niliyekulisha uji ukinitemea, nipimwe na mbwa? Na wewe ulijua nililia wapi. Ulikuwa unanisikia kule kwa ng'ombe, ukijifanya umelala. Ulikuwa bado na mdomo wa kusema. Hukumwambia mtu.

Koti nimefua. Simba namwosha macho kila asubuhi na maji ya chumvi yaliyochemka yakapoa, na kitambaa safi. Jicho limefunguka. Machozi yameisha, anafukuza kuku za watu. Sasa Kariuki anasema mbwa amekusahau, ati mimi ndiye nimemfundisha.

Lala, mzee. Simba nitamtunza, hiyo naahidi, hata akizeeka bila meno. Lakini mwaka ukiisha, wakija na nyimbo zao kwa kaburi, nitasimama mbele kabisa na macho yangu makavu, wayaangalie vizuri. Na wewe pia uyaangalie.

Mama Nyambura